Kamba ya Kiatu Haikatwi

Baba alikuwa fundi wa viatu kando ya Barabara ya Jogoo kwa miaka 23. Mali yake yote pale ilikuwa mwavuli mkubwa, benchi, na ubao alioupigilia misumari mitano. Minne ilishika nyundo, koleo, brashi na vipande vya soli. Wa tano ulikuwa wa kamba za viatu: nyeusi, za kahawia, nyeupe, na chache nyekundu ambazo sikuwahi kuona mtu akizinunua. Alipoamua kurudi Murang'a kulima, vifaa vingi alimwachia kijana aliyekuwa akimsaidia, nami akaniletea katoni hadi mlangoni. "Hizi zimesalia," akasema. "Akiba haiozi." Nilizihesabu jioni hiyo. Zilikuwa jozi 164.

Katoni ile ilikaa chini ya kitanda karibu miaka miwili. Kilichoitoa ni kazi ya shule. Binti yangu alikuwa gredi ya tatu, na mzazi yeyote wa Nairobi mwenye mtoto kwenye CBC, ule mtaala wa shule wa kujifunza kwa vitendo, anajua kwamba taarifa huja usiku: kesho lazima apeleke kitu alichotengeneza mwenyewe kwa vifaa vya nyumbani. Ilikuwa saa mbili na nusu. Duka la vitabu limefungwa, gundi imekauka chupani, na cherehani sina hadi leo. Nikaivuta katoni. Kufikia saa nne tulikuwa na daftari la kurasa 40 lililoshonwa kwa kamba nyekundu ya kiatu, bila sindano na bila tone la gundi. Binti yangu alilala nalo kando ya mto.

Siku hizi, kila Jumamosi baada ya saa nane, watoto wa ploti yetu, jengo tunamoishi hapa mtaa wa Umoja, hupanda nami hadi juu ya paa, pale tunapoanika nguo. Nguo zikikauka mapema tunapata kamba za kuanikia ziwe mahali pa kutundikia kazi zetu. Wengine wana miaka mitano, mmoja ana kumi na minne na anajidai hakuja kwa ajili ya kamba. Wazazi wao wamekuwa wakiniuliza ngazini tunafanya nini huko juu, na wengine wanataka kujaribu nyumbani. Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye droo iliyojaa kamba, tepe, vipande vya lesi na zipu zisizo na nguo.

Kwanza niseme kwa nini nazipenda kamba za viatu kuliko kitambaa. Mtu akianza kazi za mikono kwa kitambaa, kinachomshinda ni ukingo. Ukishakata, nyuzi zinaanza kuchomoka. Ili zisichomoke lazima upinde na ushone, na ili pindo linyooke unahitaji pasi, pini na subira. Jumamosi inaisha kabla hujaanza kile ulichokusudia. Kamba ya kiatu imesukwa kiwandani kwa mashine yenye bobini zinazozungukana, kila moja ikipita mbele ya mwenzake na nyuma ya inayofuata, kama vidole vya msusi kwenye nywele. Haina ukingo wa kuchomoka mahali popote ila kwenye ncha mbili, na ncha zenyewe zimefungwa tayari kwa plastiki ngumu.

Ncha hiyo ni hazina. Ni sindano butu isiyomdunga mtoto. Toboa matundu kwenye katoni ya sabuni, mpe mtoto wa miaka mitano kamba moja, na atashona kuzunguka umbo la samaki au gari hadi chai iwe tayari. Hapo pia ndipo anapojifunza kufunga viatu vyake. Kwetu paani wawili wamejifunza hivyo, na mama wa mmoja alinishukuru kana kwamba nimemlipia karo.

Ndiyo sababu nina sheria moja, nao watoto wameikariri: kamba ya kiatu haikatwi. Ukiikata, umeharibu kazi nzuri ya mtu mwingine na umejitwika kazi mpya ya kuzuia nyuzi. Usiifupishe kamba ifae kazi. Tafuta kazi inayofaa urefu wake. Kwenye katoni ya Baba nilipima kwa futi ya fundi nikapata urefu wa aina nne: sentimita 75 za viatu vya ofisini, nyembamba na za duara, sentimita 90 za viatu vya shule, 120 za raba, na 140 za buti. Kila urefu una kazi yake, na ukishaujua, hutauliza tena utengeneze nini.

Jirani yetu anayetoka Pwani huiita kamba ya kiatu gidamu, neno analolitumia pia kwa ukanda wa ndara unaopita katikati ya vidole. Nimelipenda neno hilo. Watoto sasa wananiomba "gidamu nyekundu", na sijui wanalitamka vipi shuleni.

Sasa daftari, kwa kuwa ndilo lililoanzisha yote. Chukua karatasi 10 za A4, zikunje katikati zote kwa pamoja, upate kurasa 40. Jalada liwe katoni nyembamba, ile ya pakiti ya nafaka za kiamshakinywa au bahasha ngumu iliyokwisha kutumika, nayo uikunje vivyo hivyo. Fungua katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati kabisa, na mawili mengine kila moja sentimita tatu kutoka pembeni. Mimi hutumia msumari na kipande cha ubao chini yake. Tundu liwe la kupitisha ncha ya kamba bila kusukumana nayo, maana ukiisukuma sana plastiki hupasuka.

Tumia kamba ya duara ya sentimita 75. Ingia kwa nje kwenye tundu la katikati, ukiacha mkia mrefu nje. Ndani, panda hadi tundu la juu utoke nje. Ukiwa nje, shuka moja kwa moja hadi tundu la chini, ukiliruka lile la katikati, uingie ndani. Kisha rudi katikati utokee tundu lile lile uliloanzia. Sasa mikia yote miwili iko nje. Hakikisha mmoja uko kushoto na mwingine kulia kwa ile kamba ndefu inayopita mgongoni, kisha funga fundo juu yake ili uibane. Kushona kumekula kama sentimita 33 hivi. Zilizobaki zinatosha kuwa alama ya kurasa: mkia mmoja uache mrefu uupitishe ndani ya daftari, na kwenye ncha ufunge kifungo kikubwa cha koti. Binti yangu alifunga ufunguo uliopoteza kufuli yake, na huo ukapendeza kuliko kifungo.

Daftari hilo hufunguka likalala wazi kabisa mezani. Madaftari ya pini hayafanyi hivyo vizuri. Nimeandikia bajeti ya nyumba kwenye manne sasa.

Kabla sijafika kwenye kazi za jikoni, lazima nieleze jambo la moto, kwa sababu lilinigharimu sufuria. Nilikuwa nimetengeneza kikeka cha kuwekea chombo cha moto mezani. Njia yake ni rahisi: unaizungusha kamba yenyewe kwa yenyewe kuanzia katikati, kama konokono, na kila nusu sentimita unapitisha sindano yenye uzi kuushika mzunguko mpya kwenye ule uliotangulia. Kamba ikiisha, ncha yake unaiingiza upande wa chini, unaiweka nyingine pale pale na kuendelea. Kamba tatu za sentimita 120 zenye unene wa milimita mbili hutoa kikeka cha kikombe, upana kama sentimita tisa hivi. Kwa sufuria nilitumia kamba kumi na mbili nyeupe na nyeusi, nikapata upana wa sentimita 19. Kilikuwa kizuri mno. Siku ya kwanza niliitoa sufuria ya ugali jikoni nikaiweka juu yake, na baada ya dakika moja nyumba nzima ilinuka plastiki. Kamba zilikuwa zimeyeyuka zikagandamana na sufuria. Nilikwangua jioni nzima na alama haikutoka.

Kamba zile zilikuwa za polista. Nilipaswa kuzipima kwanza, na kupima ni rahisi: shika ncha iliyochakaa kwa koleo juu ya sinki, iguse kwa mwali wa kiberiti. Pamba huwaka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalovunjika kwa kidole. Polista na nailoni huyeyuka, zinajikunja, na zikipoa huacha kishanga kigumu. Kazi hii aifanye mtu mzima, na kile kinachoyeyuka kisiguse ngozi, kwa sababu hugandama kinaunguza. Kwa vikeka vya sufuria tumia pamba tupu. Polista ibaki kwenye vikombe, kamba za funguo na bangili.

Na kuyeyuka huko huko kuna manufaa yake. Utepe wa polista ukiukata, pitisha ncha yake haraka kando ya mwali wa mshumaa, usiuingize ndani ya mwali, na ukingo utajifunga wenyewe. Kwa pamba haifai hata kidogo. Pamba ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, iache ikauke. Kamba iliyopoteza ncha yake ya plastiki, izungushie selotepu mara mbili kwa kukaza, kisha kata mwisho wake kwa mshazari, na hapo umepata ncha mpya.

Zile jozi 164 hazikudumu milele, bila shaka. Nyingi tunazotumia sasa zinatoka kwenye viatu vilivyokufa. Raba ya mitumba kutoka Gikomba ikipasuka soli, kamba yake mara nyingi bado ni nzima. Tunazitia zote ndani ya soksi, tunaifunga soksi mdomo, tunailoweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, halafu tunaifua pamoja na nguo nyingine. Bila soksi zitajifunga mafundo ambayo hutayafungua kabla ya Krismasi. Kwetu maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hiyo tunangoja siku ya maji, na yale ya kusuuzia mara ya mwisho tunayatumia kusafishia ngazi. Kamba za duara mara nyingi huwa na kiini cha nyuzi ndani. Ukikivuta kiini, unabaki na kamba laini, bapa, inayokaa vizuri kwenye msuko.

Misuko sitaieleza. Mtoto yeyote wa kike wa ploti hii anaujua msuko wa nyuzi tatu kuliko mimi, na wavulana wamefundishwa nao. Niseme tu kwamba kamba tatu za sentimita 90 zikisukwa pamoja hutoa mkanda mzuri wa kubebea chupa ya maji, na kamba mbili za rangi tofauti zilizokunjwa katikati kwenye kishikio cha funguo hutoa nyuzi nne za kusuka.

Tepe ni habari nyingine, na hapo ndipo pesa inapopotea ikiwa mtu hajui anachonunua. Mimi hushuka mjini, Biashara Street, mtaa ambao wazee bado wanaukumbuka kama Bazaar. Maduka yale ya vifungo, zipu, lesi na nguo za watoto wachanga yana rafu hadi darini, na tepe zimezungushwa kwenye magurudumu kama filimu za zamani. Nilipokuwa msichana Baba alinituma huko kununua zipu za buti, nami nilikuwa nikisimama kuzitazama tepe hadi muuzaji ananiuliza kama nimepotea.

Utepe mzuri umefumwa kwa upana wake ule ule. Utazame kandokando: utaona uzi unafika ukingoni na kugeuka kurudi, kwa hiyo haufumuki kamwe upande wa urefu. Utepe wa bei ya chini hukatwa vipande kutoka kwenye kitambaa kipana, kingo zikafungwa kwa joto au kwa gundi. Hauna ubaya kwa kufungia zawadi, lakini ukiufua mara mbili tatu unaanza kutoa nyuzi. Kwa kazi ya kudumu, kwaruza ukingo kwa ukucha kabla hujalipa. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakasirika. Halafu kuna satini, inayong'aa na kuteleza, na kuna ule utepe mgumu kidogo wenye mistari midogo ya kukingama, ambao haung'ai. Huo wa pili ndio ninaowapa watoto. Fundo lake halifunguki, na mkono wenye jasho hauuchafui upesi.

Kazi ninayoipenda zaidi ya tepe ni mto wa kochi wa kufuma. Sote tumekulia kwenye sebule zenye vitambaa vya kroshia mgongoni mwa kila kiti, vyeupe, vilivyotiwa wanga, na ole wako ukiegemea ukavikunja. Mama yangu alikuwa na seti mbili, moja ya wageni. Mimi kroshia ilinishinda, lakini mto wa tepe unakipa kochi heshima ile ile, na kufuma kwenyewe ni juu, chini, juu, chini, kama mkeka.

Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, na utepe wa upana wa sentimita mbili na nusu, unahitaji vipande 16 vya kwenda wima na 16 vya kukingama, kila kimoja sentimita 45 ili kubaki ziada ya pindo. Hiyo ni mita 7.2 kwa kila upande. Ukitumia rangi mbili, nunua mita nane za kila rangi, maana kipande cha kwanza huwa kinaenda kombo. (Tepe zinakatwa. Sheria yangu ni ya kamba za viatu.) Tafuta kile kitambaa chenye gundi upande mmoja ambacho mafundi hukitia ndani ya kola. Kitandaze juu ya blanketi kuukuu, upande wa gundi ukitazama juu. Panga tepe 16 za wima zikigusana, uzibane kwa pini upande wa juu pekee. Kisha anza kupitisha za kukingama moja baada ya nyingine, ya kwanza ikianza juu, ya pili ikianza chini. Kila baada ya tatu, zisogeze kwa kidole zibanane. Ukimaliza, funika kwa kitambaa cha pamba na upige pasi isiyo moto sana, ukiikandamiza tu bila kuisukuma, na gundi itashika zote. Satini ya polista ikikutana na pasi kali bila kitambaa cha kuikinga hujikunja, na hakuna dawa.

Kuunga mto wenyewe nampelekea fundi wa cherehani wa hapa langoni. Huwa ananitoza kidogo kwa kuwa namletea pia tepe zilizobaki, naye huzitumia kwenye sare za watoto. Nilipompelekea mto wa kwanza, wa kijani na wa rangi ya chungwa, aliugeuza mara tatu akaniuliza nimeununua wapi.

Vipande vifupi vya tepe havitupwi. Wala lesi, hata ikiwa kiganja kimoja tu: ishone kwenye ukingo wa kitambaa cha kufunikia jagi, au izungushe kwenye gilasi ya kuwekea penseli. Zipu iliyoharibika meno ukiizungusha kama ua na kuishona chini inakuwa bruchi, lile pambo la kubana kwenye nguo, na msichana yule wa miaka kumi na minne, ambaye hakuja kwa ajili ya kamba, ameuza tatu kwa wenzake.

Na kuna matamvua. Leso na vikoi vimetufundisha kwamba nguo inaweza kuisha kwa namna nzuri. Kikoi kikiishia kwenye matamvua yaliyosokotwa, mtu anajua kimekamilika. Kutengeneza tamvua moja, zungusha uzi mara 40 kwenye kipande cha katoni cha sentimita 10, pitisha kamba juu uikaze, kata chini, kisha funga uzi mwingine sentimita moja na nusu kutoka juu ili kupata kichwa. Uzi wa kufumia sweta ndio bora. Yafunge manne kwenye pembe za ule mto, au mawili kwenye mkanda wa kushikia pazia.

Kitu ambacho kila mtu ameomba nikifafanue ni kile cha kuning'inizia mikebe ya mimea, kwa sababu kinaonekana kigumu na si kigumu. Tuna kumi na moja vya namna hiyo paani, na ndani yake kuna dhania, vitunguu vya majani na shubiri. Mkebe wetu ni ule wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, wa kilo moja, uliotobolewa matundu matano chini kwa msumari ili maji yasituame.

Chukua kamba nne za buti, zile za sentimita 140, ziwe bapa. Tafuta pete ya chuma. Nilizipata Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, ila hata bangili ngumu inafaa. Kila kamba ikunje katikati, ingiza kile kikunjo ndani ya pete, kisha pitisha mikia yote miwili ndani ya kikunjo hicho na uvute. Sasa una mikia minane inayoning'inia, kila mmoja karibu sentimita 70. Itundike pete kwenye kitu kilicho sawa na macho yako. Usifanye kazi hii mezani, utapotea.

Igawe mikia iwe jozi nne. Pima sentimita 35 kutoka kwenye pete, na kila jozi uifunge fundo moja. Mafundo yote manne yawe kwenye mstari mmoja, vinginevyo mkebe utainama. Sasa achanisha jozi: chukua mkia mmoja kutoka jozi ya kwanza na mmoja kutoka jozi jirani yake, uzifunge pamoja sentimita nane chini ya mafundo ya mwanzo. Endelea kuzunguka hadi mkia wa mwisho uungane na wa kwanza. Umepata wavu. Halafu, sentimita tisa chini, zikusanye zote nane ufunge fundo moja kubwa. Ncha za plastiki zinabaki zikining'inia chini kama matamvua, na upepo ukivuma zinagongana. Mtoto mmoja hapa anasema ni mvua ndogo.

Desemba niliibeba moja hadi Murang'a, pamoja na mkebe wake na dhania iliyokwisha kuota. Nilitaka Baba aone kamba zake zimekwenda wapi. Hakusema kitu. Aliipeleka penye mwanga, akalishika lile fundo kubwa la chini kwa mikono miwili akalivuta kama mtu anayejaribu soli mpya. Likateleza. Si sana, labda upana wa ukucha, lakini liliteleza.

"Hii ni ya polista," akasema. "Bapa au duara, hii ni telezi. Wateja walikuwa wananirudia kila wiki, fundi, kamba zako hazishiki."

Nikamwambia nililifunga kwa nguvu zangu zote.

"Nguvu si kitu, mama. Lete uzi."

Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Akatoa kifuko chake cha zamani, kumbe uzi wa kushonea viatu alikuwa amebaki nao, na kipande cha nta kilichokauka hadi kuwa cheusi. Aliuvuta uzi juu ya nta mara tatu, ukaanza kunata. Kisha akanionyesha pole pole, jinsi alivyokuwa akimwonyesha yule kijana wake. Uzi unaukunja kitanzi kirefu unakilaza juu ya kamba, chini kidogo ya fundo, kichwa cha kitanzi kikitazama fundo. Mwisho mrefu unauzungusha kukifunika kitanzi kuanzia chini kwenda juu, mzunguko kando ya mzunguko, bila kupandana, mara kumi. Ukifika juu, unaupitisha mwisho huo ndani ya kichwa cha kitanzi. Halafu unaushika ule mkia mfupi uliobaki chini na kuuvuta: kitanzi kinazama ndani kikiburuta mwisho wa juu pamoja nacho, hadi katikati ya mizunguko. Unakata mabaki pande zote mbili. Hakuna fundo linaloonekana, na hakuna cha kufunguka.

Akalivuta tena. Halikusogea. Akanipa nilivute mimi.

Nilirudi Nairobi nikapitia zote kumi na moja Jumamosi iliyofuata, watoto wakikata uzi nami nikizungusha. Nta tulitumia ya mshumaa, nayo inafanya kazi ingawa haisikiki mkononi kama ile yake. Kwa hiyo ukifuata maelezo yangu ya hapo juu na kamba zako ni za polista, usiishie kwenye fundo kubwa. Ongeza uzi wa Baba.

Ile ya Murang'a inaning'inia kwenye nguzo ya baraza. Dhania aliing'oa siku ya pili akaihamishia shambani, alisema inateseka mkebeni. Mkebe akaujaza misumari ya soli.